Titi la Mkubwa, Titi la Mdogo

Nilikuwa na matiti mawili na watoto wawili, na kila aliyekuja kututazama aliona hesabu imetimia. Mama mkwe wangu ndiye aliyeigawa. Watoto walikuwa hawajamaliza siku moja duniani, mimi ningali nimelala kwenye kitanda cha hospitali miguu ikitetemeka, naye alikuwa amekwisha kukata shauri: titi la kulia la mkubwa, la kushoto la mdogo, na hakuna wa kugusa la mwenzake mpaka siku ya kuachishwa.

"Kila mutoto na kisima yake," aliniambia. "Kwetu njo vile. Ukibachanganyia mabele leo, kesho batagombania viatu, kisha batagombania mabwana."

Mabele kwetu ni maziwa, na titi pia ni mabele. Niliitikia kwa kichwa. Wanaonijua hawaamini ninapowasimulia hivyo, maana mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko la Kikula, na wateja husema mdomo wangu unakata kuliko mkasi wangu. Lakini siku ile ningekubali lolote. Nilikuwa na furaha ya kutia wazimu. Niliingia chumba cha uzazi nikiwa mke wa mtu tu, nikatoka mama wa mapasa, yaani mapacha, na huku kwetu mama wa mapasa si mtu wa kawaida. Hata wazee humsalimu yeye kwanza. Tena nilijiambia, mimi ni nani hata nimbishie? Mama mkwe wangu naye alizaa mapacha. Mume wangu ni mmoja wao.

Walikuwa wasichana. Mkubwa alilishika titi kama mtu anayeijua njia. Alifungua kinywa, akafunga, akavuta, na mimi nikapiga ukelele uliowachekesha wanawake wa vitanda vya jirani. Muuguzi akaja, akamwachisha kwa kidole, akanionyesha upya: kidevu kizame kwenye titi, midomo ikunjuke nje, isiingie chuchu peke yake bali na weusi unaoizunguka. Maumivu yakaondoka palepale. Nikahisi kuvutwa mpaka tumboni, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nikamwambia muuguzi kwamba ananyonya, tazama, ananyonya, kana kwamba yeye hajawahi kuona mtoto akinyonya.

Yale matone ya kwanza yalikuwa mazito, ya manjano kama kiini cha yai. Mama mkwe alikunja uso, kwa kuwa zamani waliyakamua na kuyamwaga.

"Mama, ile njo vaccin ya kwanza ya mutoto," muuguzi alimwambia. "Na muache bavute. Mutoto akivuta, mabele inakuya. Asipovuta, haikuye."

Mama mkwe akakubali. Si mwanamke mgumu, hilo niliseme mapema, maana nitamsema sana.

Mdogo alipowekwa upande wake wa kushoto, alilamba, akafikiri, akalala. Alikuwa mwepesi, uso wake wote ungeenea katika kiganja changu. Nilimgusa shavu, akavuta mara chache, akalala tena na chuchu kinywani. Sikuwa na wasiwasi. Nani aliyezaliwa anajua kila kitu?

Tulirudi nyumbani na mvua za kwanza, na hapo ndipo nilipojua maana ya kuwa na mapacha. Sheria yao ni moja: umpacho huyu, umpe na yule. Wageni walileta vitenge viwili, kofia mbili, beseni mbili. Jirani mmoja, maskini, alikuja na mche mmoja wa sabuni. Mama mkwe alimkaribisha vizuri, akamketisha, akachukua kisu akaukata mche katikati mbele ya macho yake. Ukimsalimu mmoja, umsalimu na wa pili. Ukimkemea mmoja kwa kujichafua, umkemee na mwenzake aliye safi. Mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba huko Shituru, alirudi siku moja amechoka, akambusu mkubwa, akajitupa kwenye kiti. Mama yake akamwinua, hajavua hata buti, ambusu na mdogo, ndipo akaruhusiwa kukaa. Mimi nilikuwa nikicheka mpaka mishono inaniuma.

Maziwa yaliposhuka, yalishuka kama maji ya bomba letu yanaporudi baada ya kukatika: kwanza kikohozi, kisha kishindo. Niliamka nimelowa. Mkubwa akanywa, akacheua, akanywa tena. Nilitembea ndani ya nyumba kifua mbele kama askari wa gwaride, na kila aliyepita nje nilimwita aje aone mtoto anavyonywa.

Lakini kishindo hicho kilikuwa cha upande wa kulia. Nilikuja kukiona kwa macho ya kazi yangu. Nilijishonea blauzi za kunyonyeshea, zenye vifungo mbele, na nilipojipima, upande wa kulia ulidai kitambaa zaidi, tena si kidogo. Ikabidi nikate blauzi ya kupinda. Tangu nianze kushona sijawahi kupindisha nguo kwa makusudi. Nikaivaa, nikawaita waje waone mzigo ulioegemea upande mmoja. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mume wangu alicheka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku ya kwenda kupima kilo, kama tunavyosema huku, tuliwavalisha sare, mimi nikambeba mkubwa, mama mkwe akambeba mdogo. Kwenye kituo cha afya mizani inaning'inia kwenye boriti, na mtoto hutiwa ndani ya kitu kama kaptula ya turubai, miguu ikining'inia. Mkubwa alitundikwa akapiga makelele, na mshale ukapanda vizuri. Wanawake kwenye foleni wakampongeza. Mdogo alitundikwa, akatulia. Mshale ukasimama chini ya uzito aliozaliwa nao.

Muuguzi wa pale, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliutazama mara mbili.

"Mama, huyu haongeze. Ananyonya?"

"Ananyonya," nikasema. "Lakini analala upesi."

"Umuamshe. Umunyonyeshe mara mingi. Mukirudia huku na kilo haiyapanda, tutamuongezea lait ya boîte."

Yaani maziwa ya kopo. Hakuniuliza ni titi gani, nami sikumwambia. Ni nani humwambia muuguzi kwamba kiatu cha kulia huvaliwa mguu wa kulia? Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, nikamfunga mkubwa mgongoni nikatoka.

Njiani mama mkwe hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye barabara ya lami. Pale tukasubiri malori yapite.

"Kama ni boîte," akasema, "ni boîte ya bote babili. Huwezi kupatia moya biberon na mwenzake mabele."

Nilisimama barabarani kama niliyepigwa. Nilikuwa sijaliwaza hilo. Kopo likiingia nyumbani kwangu, litawachukua wote wawili. Mkubwa akishazoea chupa ataniacha, na titi lisipovutwa, muuguzi wa kwanza alishasema, halitoi kitu. Nitabaki na kifua kikavu na watoto wawili wanaokunywa maji ya bomba letu, bomba linalotoka linapotaka na kwa rangi linayotaka. Nilikuwa nimewaona watoto wa mtaa wetu waliolelewa kwa chupa wakati wa mvua, jinsi walivyoharisha. Na mimi nilipenda kunyonyesha. Niliseme wazi, si kwamba nilikuwa mtakatifu. Nilipenda uzito wao, nilipenda kule kuvutwa, nilipenda kuwa mtu pekee duniani aliyekuwa nacho wanachokitaka. Lakini kuliko yote nilimwogopea mdogo. Hakuwa na mahali pa kupungua zaidi.

Mume wangu alisikia habari akanunua makopo mawili, akayapanga juu ya kabati, bega kwa bega.

"Ni ya kuweka tu," alisema. "Mutoto hawezi kufwa na njala na lait iko mu nyumba."

Alikuwa na haki, ndiyo maana nilimkasirikia. Nilimwambia makopo yake yananikodolea macho. Akayageuza yakatazama ukuta.

Basi ikaanza kazi ya kunilisha. Mama mkwe aliamini kwamba maziwa ni chakula tu, na chakula alijua kukipika. Alinikorogea uji wa mahindi na karanga, mzito, unaosimamisha kijiko. Alinisongea bukari, ugali wetu, akaiweka mbele yangu na mboga ya lengalenga na samaki, akakaa kuhakikisha sahani inabaki nyeupe. Alitengeneza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kwa ndoo nzima, akanifuata nacho karibu hadi chooni. Nilimpenda kwa hayo yote. Nilinenepa. Na yote niliyokula yalikwenda upande wa kulia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: mkubwa alikuwa akinimwagia maziwa begani kwa kushiba, mdogo kando yake anatafuna ngumi.

Nilimweka kwenye titi lake kila alipofumbua jicho. Alivuta kidogo, akachoka, akalala, akaamka, akalia. Kisha kilio chenyewe kikaanza kupungua, na hapo ndipo roho yangu ilipopanda juu ikakataa kushuka. Mama mkwe alisema amekuwa mtoto mwenye adabu. Nilimjibu kwamba sitaki adabu, nataka kelele.

Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga mabati hata husikii redio ya jirani. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwenye maombi ya kanisani kwao, mume wangu yuko kazini, mkubwa amelala chali na mikono juu. Nilikuwa na mdogo mapajani. Nikampa la kushoto. Akavuta, akavuta, akaliacha, akalia kile kilio chake kidogo. Na la kulia, liliposikia kilio, likafunguka. Titi halijui sheria za watu. Likatiririka lenyewe, likapenya blauzi, na matone yakamdondokea mdogo shavuni.

Akageuza uso. Akatoa ulimi.

Nilimtazama. Nikautazama mlango. Kisha nikafungua vifungo vya upande wa pili, nikamgeuza, nikamweka pale ambapo tangu kuzaliwa hakuwahi kuwekwa.

Mwanzoni alipaliwa, akaachia, akapiga chafya. Akarudi. Safari hii alishika vizuri, kidevu kimezama, na nikasikia kitu ambacho kwake sikuwahi kukisikia: kumeza. Mmezo baada ya mmezo, mmoja haujaisha mwingine umekuja. Masikio yake yalikuwa yanacheza. Alifumbua macho yote mawili akanitazama kwa mshangao mkubwa, kana kwamba ananiuliza haya mambo yalikuwa wapi siku zote. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya nyumba. Nilimwimbia, nilimwita mwizi, nilimwita bibi harusi, nilimwambia kunywa, mama, kunywa, maziwa hayana mwenyewe.

Na wakati anakunywa, akili ikanijia. Yule asiye na nguvu tulimpa kazi ya kuamsha titi. Yule mwenye nguvu tulimpa titi lililokwisha kuamka. Kila alipochoka mdogo, la kushoto lilijua halihitajiki likatengeneza kidogo kuliko jana, na jana lilikuwa limetengeneza kidogo kuliko juzi. Hakuwa mgonjwa. La kushoto halikuwa bovu. Tuliwafunga wawili wanyonge pamoja, tukangoja waokoane.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe aliingia amelowa mpaka kwenye mifupa, Biblia ameificha ndani ya kitenge isilowe. Akatuona.

"Unafanya nini?"

"Ninanyonyesha, mama."

"Ile si yake."

"Ni ya miye," nikasema. "Iko mu mwili yangu."

Hakupandisha sauti. Aliiweka Biblia mezani, akasimama akidondosha maji sakafuni.

"Huyu anakula bahati ya mukubwa yake, ya yaya yake. Utakuya kuona."

"Mama, weye njo ulinifundisha. Kitu unapatia moya, upatie na mwenzake. Hata sabuni ulikata katikati. Sasa mabele ya huku iko mingi, juu ya nini moya tu njo anakunywa?"

"Sabuni ni sabuni."

"Na boîte? Ulisema boîte ni ya bote babili. Kama boîte ni ya bote, mabele pia ni ya bote. Huyu akunywe ya yaya, yaya akunywe ya huyu. Bahati yabo ikuwe moya."

Akakamua ncha ya kitenge kilicholowa. Niliona kwamba nimemkamata kwa kamba yake mwenyewe, na niliona pia kwamba haikumfurahisha.

"Miye nilizala mapasa," akasema mwishowe. "Nilifanya vile bankambo, bazee betu, balinionyesha. Bwana yako alikunywa mabele yake ya kuume mpaka alitembea."

Neno lilinijia mdomoni, nalo lilikuwa fupi: na mwenzake? Mume wangu alikuwa na pacha mdogo wake, mvulana, aliyefariki akiwa bado mchanga. Ilikuwa homa, ndivyo walivyosema nyumbani kwao, kule kwenye kambi ya wafanyakazi ya Panda, na baada ya kusema hivyo hawakumtaja tena. Ulimi hauna mfupa, na wangu hasa, lakini siku hiyo niliuuma nikaunyamazisha.

Mdogo akaachia mwenyewe. Hakuachia kwa kuchoka. Aliachia kwa kushiba. Kichwa kilianguka nyuma, kinywa wazi, maziwa yanatoka pembeni mwa mdomo, mikono imelegea. Mama mkwe akasogea. Alimgusa tumbo kwa mgongo wa kidole. Lilikuwa limejaa, gumu kama tumbo la mwenzake. Aliuacha mkono pale kwa muda.

Mkubwa akaamka na kudai chake, kwa sauti yake yote.

"Umupatie ya kushoto," mama mkwe akasema, akaenda kubadili nguo.

Nikampa. Alivuta mara moja, akaliacha, akatupigia kelele zinazotosha kuezua bati. Nikamrudisha. Akavuta kwa hasira, na hasira anazo, alizirithi mahali ninapopajua. Alivuta, alikoroma, alinipiga kifuani kwa ngumi, akavuta. Na titi lile la kushoto, lililokuwa limelala tangu wazaliwe, likafunguka. Nilihisi sindano zikipita, nikasikia anameza. Nikamwita mama mkwe kutoka chumba cha pili aje asikie. Hakuja, ila alijibu akiwa hukohuko.

"Sawa. Bakigombana bakikomaa, weye njo utabaamua."

"Nitabaamua, mama."

Tangu siku hiyo nikawabadilisha kila waliponyonya. Nilichomeka pini yenye uzi mwekundu kwenye blauzi, upande wa zamu ya mdogo, nikawa naihamisha. Kisha nikatamani zaidi. Nilikusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki kibandani, nikashona mto mrefu uliopinda kama mwezi mchanga, nikauzungusha kiunoni, nikawalaza wote wawili, miguu yao ikipita chini ya kwapa zangu, kama mwanamke aliyebeba vikapu viwili akienda sokoni. Mkubwa akivuta upande wake, maziwa hushuka pande zote mbili, na mdogo hukuta meza imekwisha kuandaliwa. Mara ya kwanza walipomeza kwa pamoja, sauti zikipishana, nilitaka kuruka, lakini mwanamke mwenye watoto wawili kifuani haruki. Nilimpigia mume wangu simu kazini, nikaiweka karibu ili asikie. Aliuliza kama bomba limerudi.

Nepi za mdogo, zilizokuwa zikitoka kavu, zikaanza kulowa. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile. Nilizianika mbele ya nyumba ili mtaa mzima uone. Kilio chake kikarudi, kikali, cha kudai, na mume wangu alipolalamika kwamba sasa wanalia wawili nilimwambia amshukuru Mungu anyamaze. Ile blauzi ya kupinda niliifumua, kwa sababu upande wa kushoto haukuenea tena.

Mama mkwe aliendelea kupika, kuosha, kuwabeba, kuwaimbia. Jambo moja tu hakulifanya. Wakati wa kunyonya ulipofika aliwaleta watoto, akawalaza kitandani kando yangu, akatoka. Hakuweka mtoto kwenye titi. Alikuwa ameniruhusu, lakini mikono yake ilikuwa haijaruhusu. Nami sikumlazimisha.

Tulirudi kupima kilo. Nilijitia ushujaa, nikawatania wanawake wa kwenye foleni, lakini jicho langu halikutoka kwenye mizani. Makopo yalikuwa bado yanatazama ukuta, hayajafunguliwa, na nilijua kwamba mshale ukikataa, jioni hiyohiyo yatafunguliwa yote mawili. Mkubwa akapimwa kwanza. Vizuri. Mdogo akatiwa ndani ya ile kaptula, na safari hii alipiga mateke, akalia, mshale ukayumba huku na huku hata sikuweza kuusoma. Muuguzi akaushika mguu wake mmoja kumtuliza. Mshale ukasimama.

Muuguzi akatazama. Akamtoa, akairudisha mizani kwenye sifuri, akamtundika tena.

"Ulimupatia nini?"

"Mabele."

"Mabele tu?"

"Mabele tu. Ya kuume na ya kushoto."

Nikamweleza, maneno yakigongana mlangoni: visima viwili, mvua, blauzi ya kupinda, uzi mwekundu. Alianza kucheka. Akanishika bega, akaniambia kopo halitahitajika, niendelee vilevile. Nikamchukua mwanangu kutoka kwenye mizani, uchi vile, nikacheza naye pale katikati ya foleni. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akanipigia makofi ya mdundo, na mkubwa mgongoni mwangu akaruka-ruka apende asipende. Sijui kama siku ya harusi yangu nilicheza hivyo.

Muuguzi aligonga meza apate kusikika. Alisema na wale wengine wasikilize, maana kwenye foleni kulikuwa na tumbo moja ambalo bila shaka lilibeba wawili.

"Mukisha kuzala mapasa, mubabadirishe. Mutoto mwenye hana nguvu, mukimuacha na mabele moya yenye haivutwe, anaisha polepole. Anaacha kulia. Bantu banasema ni homa, banasema ni bulozi, kumbe ni njala."

Tulirudi kwa miguu. Mimi niliongea njia nzima. Nilipanga kushona gauni mbili, nilipanga kuyauza makopo, nilimsalimia kila tuliyepishana naye nikamwambia uzito wa mtoto bila kuulizwa. Mama mkwe alitembea nyuma yangu kidogo, mdogo mgongoni mwake, na nilikuwa nimefurahi mno hata nisitambue kwamba hanijibu.

Nyumbani alimlaza mdogo kitandani. Akaketi kwenye kigoda bila kufungua kilemba.

"Ule wangu hakukuwa na homa," akasema.

Nikamshusha mkubwa mgongoni, nikamlaza kando ya mwenzake.

"Hakukuwa na moto hata siku moya. Alikuwa tu ananyamaza. Bantu baliuliza ni nini, miye nikasema ni homa, juu ilikuwa lazima niseme kitu." Alikuwa akitazama mikono yake. "Mabele ya kuume ilikuwa inamwangika chini. Nilikuwa naikamua, namwanga, juu si yake."

Mvua ilikuwa haijaanza. Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Alikuwa na njala?" akaniuliza.

"Siyui, mama."

"Unayua."

Nilikaa kando yake chini, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake, na hakuniondoa.

Watoto ndio waliotuamsha, mdogo kwanza, kisha mkubwa, kwa sauti sawa. Mama mkwe aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta. Alinifunga ule mto kiunoni. Akamchukua mdogo, akamleta mwenyewe hadi kwenye titi la kulia, akamsogeza mpaka kidevu kikazama. Akamchukua mkubwa, akamweka la kushoto. Kisha akaketi sakafuni mbele yetu akitazama koo zao zinavyopanda na kushuka, na mdogo alipolegea kabla hajashiba, yeye ndiye aliyenyoosha mkono akamkuna unyayo mpaka akaendelea kunywa.